Mkono unaolisha ndio unaolea: Lishe ya mtoto na undugu wa familia, kuanzia Matinyani hadi Pwani

MATINYANI ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Kitui Magharibi, pamoja na Mutonguni, Kauwi na Kwa Mutonga/Kithumula. Ni nchi ya vilima, udongo mwekundu na mvua za kubahatisha. Wakazi wake wengi ni Wakamba, ambao maisha yao hutegemea misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Huu wa pili ndio unaoaminiwa zaidi na wakulima.

Katika mazingira kama hayo, kumlisha mtoto si shughuli ya jikoni pekee. Humwonyesha mtoto watu wake ni akina nani, nani atamkimbilia anapolia, na nani atakayemdai heshima akishakuwa mtu mzima. Waswahili walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Na sehemu kubwa ya kulea ni kulisha.

Jambo hili si la Wakamba peke yao. Kila jamii ya Afrika Mashariki ina taratibu zake kuhusu nani amnyonyeshe mtoto, nani amwachishe ziwa, nani ampikie na nani ale naye. Taratibu hizo hutofautiana, lakini zote hujibu swali lile lile: Je, undugu hutokana na damu pekee, au hutokana pia na chakula?

Siku nne za kwanza

Marehemu Profesa John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mnamo 1931 na kufariki 2019, aliandika kwa kina kuhusu mila za watu wake. Katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichochapishwa mwaka wa 1969, alieleza kuwa mtoto wa Mkamba alipewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Mbuzi alichinjwa, na wanawake wakaja kula na kushangilia pamoja na mama. Siku ya nne baba alimvika mtoto kidani shingoni. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa kuwa bado ni mali ya ulimwengu wa mizimu. Baada ya hapo alikuwa mtu kamili.

Ni vyema kutambua kwamba karamu hiyo ilimlisha mama, si mtoto. Supu ya mbuzi na uji vilikuwa vya kumrudishia nguvu ili maziwa yapatikane. Kwa hivyo mlo wa kwanza wa mtoto ulipitia mwilini mwa mama, nao mlo wa mama ulipitia mikononi mwa wanawake wa ukoo na wa kijiji. Mtoto alianza kulishwa na watu wengi kabla hajajua uso wa hata mmoja wao.

Majina yenyewe hubeba habari za chakula. Msichana aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua, kutokana na neno la Kikamba linalomaanisha ukame na njaa. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mumbua akiwa msichana, na Wambua akiwa mvulana. Mtu anayeitwa Wayua hutembea maisha yake yote na kumbukumbu ya mwaka ambao wazazi wake walihangaika kumtafutia riziki. Wakamba pia huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao, hivyo nyanya anayemlisha mjukuu mwenye jina la mumewe huwa na sababu ya ziada ya kumbembeleza.

Ziwa la mama na sheria za nchi

Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka wa 2001 kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka miwili au zaidi.

Nchini Kenya, kunyonyesha kwa jumla hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kile kilichochanganywa na maziwa: maji, uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe katika wiki za mwanzo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003. Kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 32 katika uchunguzi wa 2008-09, kisha asilimia 61 mwaka wa 2014. Uchunguzi wa 2022 ulipata asilimia 60, ishara kwamba kasi ya awali ilikuwa imepungua.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Ajira ya 2007 ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya mwaka wa 2012 iliweka masharti makali kuhusu kutangaza na kuuza maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Sheria ya Afya ya 2017 iliwataka waajiri kutenga vyumba vya kunyonyeshea kazini.

Hata hivyo, mama wa Matinyani anayelima shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake hutolewa na mama mkwe, dada na majirani wanaokubali kumchotea maji na kumpalilia. Wasipojitokeza, anarudi shambani mapema, naye mtoto anaachiwa kaka au dada mdogo pamoja na kikombe cha uji. Kwa maneno mengine, idadi ya miezi ambayo mtoto hunyonya vyema hupima pia uimara wa jamaa waliomzunguka mamake.

Chungu cha muthokoi na mikono ya nyanya

Baada ya miezi sita mtoto huingia katika mlo wa familia. Vyakula vikuu vya Ukambani ni ngima, yaani ugali. Isyo, ambayo ni mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Na muthokoi, unaotokana na mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo hadi maganda yakatoka. Wakulima wa Kitui hupanda pia ndengu, mtama, wimbi na mihogo, mazao yanayostahimili kiangazi kuliko mahindi.

Vyakula hivi vina lishe nzuri, hasa vinapochanganya nafaka na jamii ya kunde. Lakini punje za isyo ni ngumu kwa mtoto asiye na meno. Lazima mtu aketi, achambue, aponde na kulainisha, kisha amlishe mtoto kidogo kidogo. Wataalamu wa lishe hupendekeza mtoto wa miezi sita hadi minane apewe mlo mara mbili au tatu kwa siku, na wa miezi tisa hadi 23 mara tatu au nne, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi hulijaza tumbo hilo bila kuupa mwili nguvu ya kutosha.

Kinachohitajika basi ni chakula na pia muda wa mtu. Hapa ndipo nyanya, ambaye Wakamba humwita susu, anapopata nafasi yake. Mama akiwa shambani au sokoni, susu ndiye anayebaki na chungu jikoni na mjukuu miguuni. Mjukuu hujifunza kwake kuomba, kusubiri, kushukuru na kutomla mwenzake haki. Wavulana walipokua, walihamia thome, uwanja wa moto wa wanaume kwenye lango la boma, ambako chakula kililetwa na mazungumzo ya wazee yakawa masomo.

Mpangilio unaofanana na huo ulikuwapo kwa Waluo, ambao wasichana na watoto wadogo walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya nyanya, kula, kulala na kusikiliza ngano. Jamii mbili zisizo na lugha moja wala asili moja ziliona kwamba chakula cha nyanya ni shule.

Sayansi imelithibitisha jambo hili mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wanaishi Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji. Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walichapisha matokeo mwaka wa 1997 yakionyesha kwamba mama Mhadzabe anapokuwa na mtoto mchanga, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa hutegemea sana bidii ya nyanya ya kuchimba mizizi. Kutokana na hayo walitoa hoja kwamba huenda binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu nyanya waliwalisha wajukuu tangu zamani za kale.

Njaa ilipokata na kuunga undugu

Historia ya Ukambani huhesabiwa kwa njaa, na kila njaa ina jina lake. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyoumiza zaidi mwaka wa 1898 na 1899, huitwa Ngomanisye. Ya 1961 hukumbukwa kama njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Ya 1984 iliitwa kwa maneno yenye maana kwamba mtu alikuwa akifa huku pesa anazo mkononi, kwani hapakuwa na chakula cha kununua.

Wanahistoria wameandika kwamba wakati wa Ngomanisye baadhi ya familia za Ukambani ziliwaweka wasichana na wanawake rehani kwa jamii za nyanda za juu zilizokuwa na akiba, ili wapate chakula. Waliowekwa rehani walilishwa, wakafanya kazi, na wengi wao hawakurudi. Waliolewa huko na watoto wao wakawa wa jamii nyingine. Ni kisa cha uchungu, lakini kinadhihirisha nguvu ya chakula katika undugu. Aliyeshindwa kulisha alipoteza mtoto, na aliyelisha akawa mzazi.

Tangu enzi za ukoloni, wanaume wengi wa Kitui wamekuwa wakienda Nairobi, Mombasa na miji mingine kutafuta kazi. Baba wa aina hiyo hulisha kwa pesa anazotuma. Mtoto hula jasho lake bila kuona mkono wake. Ndiyo maana katika familia nyingi mama anapogawa chakula hutamka kwamba unga umetoka kwa baba. Bila neno hilo, mtoto angemjua mlishaji mmoja tu. Simu za mkononi na utumaji wa pesa ulioanza Kenya mwaka wa 2007 zimefupisha njia hiyo, japo hazijalijaza pengo la anayekosekana mezani.

Ndugu wa kunyonya

Katika Pwani ya Kenya, Zanzibar na miongoni mwa Waswahili walioko Oman, maziwa ya mama hujenga undugu wa kisheria. Kwa mafundisho ya Kiislamu, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mamake, kabla ya kutimiza miaka miwili, huwa mwana wa kunyonya wa mwanamke huyo. Watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake, na ni haramu kuoana nao. Msingi wa hukumu hii ni aya ya 23 ya Surat An-Nisaa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, inatakikana mtoto awe amenyonya mara tano.

Undugu huu hauleti urithi, lakini huleta heshima, kutembeleana na ruhusa ya kuonana bila pazia. Familia mbili za majirani zaweza kuwa jamaa kwa sababu mama mmoja aliugua wiki moja na mwenzake akamnyonyeshea. Aidha, aya ya 233 ya Surat Al-Baqara humpa baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama anayenyonyesha. Hapa pia, kama Ukambani, mtoto hulishwa kwa kulishwa mama.

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka wa 2019, wakati hospitali ya kujifungulia ya Pumwani, Nairobi, ilipofungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Maziwa yanayotolewa na akina mama wenye afya hukaguliwa, huchemshwa kwa kiwango maalumu na kupewa watoto dhaifu ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha. Kwa daktari, hayo ni matibabu yanayookoa maisha. Kwa familia ya Kiislamu, huzua swali la nani amekuwa ndugu wa nani. Utunzaji mzuri wa kumbukumbu za watoaji ni njia mojawapo ya kulijibu bila kumnyima mtoto haki ya kuishi.

Akina mama wengi, mtoto mmoja

Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, jamii ya Waefe ina desturi inayowashangaza wageni. Utafiti wa Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn uliochapishwa 1987 ulionyesha kwamba mtoto mchanga wa Kiefe hupitia mikono ya watu wengi na hunyonyeshwa na wanawake wengine mbali na mamake. Afikapo umri wa takriban miezi minne, hutumia zaidi ya nusu ya muda wake mikononi mwa wengine. Hata hivyo hamsahau mamake. Kadiri anavyokua ndivyo anavyomtambua kuwa wa pekee.

Kwa Wagusii wa Kenya, mtafiti Robert LeVine na wenzake waliona picha tofauti. Mama Mgusii alikimbilia kumtuliza mtoto kwa ziwa mara tu alipolia, lakini hakuzungumza naye wala kumkodolea macho kwa wingi kama mama wa mji wa Boston, Marekani. Wa Boston aliamini mtoto hujengwa kwa maneno, na wa Kisii aliamini mtoto hujengwa kwa shibe na utulivu. Wote wawili waliwapenda watoto wao.

Nchini Uganda, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza watoto 28 wa familia 26 za Waganda kuanzia 1954, na kuchapisha kitabu mwaka wa 1967. Alitaka kwanza kuchunguza mila ya kumpeleka mtoto kwa jamaa wakati wa kumwachisha ziwa ili alisahau, akakuta mila hiyo imefifia. Badala yake aligundua kwamba usalama wa moyo wa mtoto ulihusiana na muda aliotunzwa, na na kama mama alifurahia kumnyonyesha. Wingi wa maziwa pekee haukutosha kueleza tofauti. Kazi hiyo ya Uganda ni mojawapo ya misingi ya elimu ya leo kuhusu mapenzi kati ya mtoto na mlezi.

Kabla ya hapo, wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walidhani mtoto humpenda mama kwa sababu tu ndiye mwenye maziwa. Mwaka wa 1958 Harry Harlow alieleza majaribio yake kwa vitoto vya nyani waliopewa sanamu mbili za mama, moja ya waya yenye chupa ya maziwa na nyingine ya kitambaa laini. Vilinyonya kwenye waya, kisha vikarudi kukumbatia kitambaa. Funzo ni kwamba kinachofunga undugu ni mkono laini unaoambatana na chakula, wala si chakula kitupu.

Maradhi ya aliyesukumwa kando

Undugu wa chakula una upande wake wa huzuni. Ugonjwa wa unyafuzi ulipata jina lake la kitaalamu, kwashiorkor, kutoka lugha ya Kiga ya Ghana ya leo. Daktari Cicely Williams alilitumia katika maandishi yake ya 1935, akieleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Wanawake wa Kiga walikuwa wametambua chanzo chake katika familia kabla ya maabara kukitambua katika damu.

Uganda ilijibu tatizo hilo kwa njia ya kifamilia. Kituo cha Mwanamugimu kilichoanzishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka wa 1965 kilimlaza mama pamoja na mtoto na kumfundisha kupika mchanganyiko wa vyakula vya kawaida vya shambani. Mtoto alipona kwa chakula alichopika mamake mwenyewe, na majirani waliporudi kumwona mzima walijifunza pia.

Kitui inaijua hatari hii. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulipata kwamba asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kaunti hiyo walikuwa wamedumaa, kiwango kilicholingana na cha Pokot Magharibi na kilichokuwa cha juu zaidi nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 26. Kufikia 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18, na kaunti tatu zilizoongoza zilikuwa Kilifi, Pokot Magharibi na Samburu. Kitui ilikuwa imetoka katika orodha hiyo ya aibu.

Udumavu hauonekani kwa jicho la haraka. Mtoto aliyedumaa hucheza, hucheka na hushiba. Ni urefu wake unaobaki nyuma, na mara nyingi masomo yake pia. Familia yaweza kumpenda kwa dhati na bado ikamlisha vibaya kwa kukosa maji, kuni, muda au maarifa. Kumlaumu mama peke yake, kama inavyotokea mara kwa mara, ni kusahau kwamba chungu kimoja hujazwa na mikono mingi.

Wajibu wa wote

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Kwa maana hiyo, kulisha si kazi ya mwanamke tena mbele ya sheria, ijapokuwa jikoni mila hubadilika polepole.

Shule nazo zimekuwa sehemu ya meza ya familia. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwalisha wanafunzi katika maeneo kame ya Kenya mwaka wa 1980. Serikali ilianzisha mpango wake wa kutumia mazao ya humu nchini mwaka wa 2009, na kufikia 2018 ilikuwa imechukua jukumu lote. Mlo wa mchana shuleni huwakalisha pamoja watoto wa koo mbalimbali, wa matajiri na wa maskini, mbele ya sufuria moja, na kumpunguzia mzigo mzazi ambaye shamba limekauka.

Desturi nyingi zimepita. Thome zimepungua, nyanya wengine wanaishi mjini, na kinu kimeachiwa mashine ya kukoboa. Lakini mtoto angali anahitaji mambo yale yale matatu: chakula kinachomfaa, mtu mwenye muda wa kumlisha, na jamaa wanaomshika mkono huyo anayemlisha. Familia ya Matinyani, ya Lamu au ya Ituri inayotimiza matatu hayo hupata mtoto mwenye afya, na baadaye hupata mtu mzima anayejua kwa nani atarudi, na nani naye atamlisha wakati wa uzee ukifika.